Kutengeneza chambo cha mti kilichong'atwa na samaki

Chambo cha mti, yaani samaki bandia wa kuvulia, kilichong'atwa na nguru hadi rangi ikabanduka kisipakwe rangi mpya papo hapo, kwa sababu maji yaliyokwisha kupenya kwenye mti hufungiwa ndani na kuivimbisha rangi hiyo. Ondoa ndoana, ukianike kivulini penye upepo, maana jua kali hupasua mti. Kikishakauka, piga msasa laini kuzunguka kila alama ya jino, kisha jaza mashimo kwa gundi ya epoksi, lakini kwa kiasi, kwani uzito ukizidi upande mmoja chambo hulala ubavu majini. Ninalolisisitiza zaidi ni skrubu ya pete inayoshika ndoana: ikicheza hata kidogo, ifungue, tia gundi tunduni, uikaze upya. Rangi na vanishi vifuate baadaye.