Jinsi ya kufuatilia asili ya neno prime

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini Kiingereza huita namba tasa prime, ilhali neno hilohilo limo katika cheo cha waziri mkuu. Njia niliyompitisha inafaa pia kwa premier, primary na prince.

Hatua ya 1: Fungua kamusi ya kihistoria. Mimi hutumia Oxford English Dictionary, maana hupanga maana kwa umri wake na kuonyesha maandishi ya zamani. Kamusi nyingi za wanafunzi hutanguliza maana iliyozoeleka leo, nazo zitakupoteza.

Hatua ya 2: Soma maana kongwe. Hapa ni sala ya asubuhi ya watawa, kutoka Kilatini prima hora, saa ya kwanza tangu jua kuchomoza.

Hatua ya 3: Fuata primus ya Kilatini, “wa kwanza”, asili ya hiyo prima. Princeps, mzazi wa prince, ni primus pamoja na capere, “kushika”: aliyeshika nafasi ya kwanza. Namba tasa nazo Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliziita kwa Kigiriki protos, “za kwanza”, Kilatini kikatafsiri primus.

Hatua ya 4: Linganisha na first. Hapa ndipo wengi hukwama saa nzima, kwa sababu maneno haya hayafanani lakini ni ndugu. First ni fyrst ya Kiingereza cha Kale, yenye shina la fore, “mbele”, na kiambishi cha kuonyesha kuzidi wote. Kijerumani kina Fürst, “mtawala”. Jacob Grimm, mwanaisimu Mjerumani, alieleza kanuni ya undugu huu mwaka 1822: p ya lugha mama ya kale iligeuka f katika lugha za Kigermaniki, yaani ukoo wa Kiingereza na Kijerumani, Kilatini kikabaki nayo. Pima kwa pater na father, piscis na fish, pes na foot.

Angalia sana mambo matatu. Kanuni inahusu maneno ya kurithi tu; prime ilikopwa baada ya mabadiliko hayo kwisha, ndiyo maana p yake ipo. P inayofuata s haikuguswa: spuere ya Kilatini, “kutema”, ni spew. Tena usiamini sura. Habere ya Kilatini na have ya Kiingereza zote zina maana ya kuwa na kitu, lakini hazina undugu. Ndugu wa have ni capere, ileile iliyomo ndani ya princeps, kwa kuwa k ya kale nayo iligeuka h.

Hatua ya 5: Andika kila umbo pamoja na lugha yake na karne yake.