Kumwachisha mtoto nyonyo: anza na wakubwa wa hapo ndani

Nazungumzia ile chuchu ya plastiki ya kumtulizia mtoto, sio ya kwenye chupa, sisi nyumbani tunaiita nyonyo. Wa kwangu aliiacha akiwa na miaka miwili na miezi minne.

Kabla hujahangaika na mtoto kaa na watu wazima wote muongee, maana mi nilipoteza mwezi mzima nikijua mtoto ndo mbishi, kumbe dada anampa akitaka kudeki, baba yake anampa taarifa ya habari ikianza, na mi mwenyewe ndo balaa zaidi, natoka kazini Mtumba nimebanwa kwenye daladala mpaka Nkuhungu, nikifika akilia kidogo tu nachomeka. Sasa hapo nani anayeitegemea hiyo nyonyo?

Kama hajafika mwaka usiwe na presha, kunyonya kwa umri huo ni kawaida. Ila akishavuka mwaka anza kupunguza, watoto wanaonyonya nyonyo sana huwa wanasumbuliwa zaidi na maambukizi ya masikio, na akifika miaka mitatu minne bado imo mdomoni kutwa, meno ya mbele yanaweza kuacha uwazi, yaani akiuma ya juu na ya chini hayakutani. Akiacha mapema mara nyingi yanarudi yenyewe. Afu kwa Dodoma ongeza upepo na hili vumbi letu, nyonyo imedondoka uani mtu anaipangusa na kanga anairudisha mdomoni, kesho mnaulizana kwa nini mtoto anaharisha.

Usianze wakati anaumwa, magego yanatoka, mmehama nyumba au umetoka kujifungua mwingine. Mi nilisubiri Nane Nane ya 2025, iliangukia Ijumaa, nikapata siku tatu za kukesha bila kuwaza kazi. Wenzangu wako Nzuguni kwenye maonyesho mi nabembeleza mtu.

Ila usiku ndo wa mwisho, anza na mchana. Nyonyo haitoki kitandani, akiamka aiweke mwenyewe kwenye kopo lake, mwambie "nayo ilale", kopo liende juu ya kabati. Akiifuata muda mwingine angalia kwanza anataka nini, mara nyingi ana njaa, usingizi, au kakosa tu cha kufanya. Mpe beseni la maji na vikombe, mpe kibonge cha unga uliokandwa, mpe zabibu (zipasue mara nne kwa urefu, nzima zinakaba). Na akikuongelesha ikiwa mdomoni mwambie "sijakusikia mama, itoe kwanza". Sisi mchana ulichukua kama wiki mbili, ndo tukatoa na usingizi wa mchana.

Usiku sasa. Mwambie siku mbili kabla, kwa maneno mafupi, usimvizie. Mpe kitu cha kushika, wangu nilimpa kanga yangu ya zamani ambayo sijaifua, ina harufu yangu, mpaka leo analala nayo. Usiku wa kwanza alilia karibu dakika arobaini, nimekaa pembeni nampapasa mgongo na mimi machozi yananitoka, wa pili kama robo saa, wa tatu aliulizia mara moja akageukia ukutani. Wako anaweza kuchukua wiki, sawa tu, lakini ukimpa usiku wa pili kisa kalia sana ushamfundisha kwamba dawa ni kulia zaidi.

Halafu kuna bibi. Tulivyoenda Kondoa wiki iliyofuata mama mkwe akanitazama akasema "mwanangu, mtoto analia hivi na wewe umekaa tu?" nageuka hivi katoa nyonyo mpya kwenye mkoba, kainunua gulioni! Huwezi kugombana na mama mkwe kwake. Nilipiga magoti nikamwambia "mama, naomba utusaidie, akikulilia mbebe mgongoni," na kweli akambeba, mtoto akalala na nyonyo haikuhitajika. Mpe bibi kazi ya kufanya, ukimpa katazo ataona unamfundisha kulea.

Mambo ya kupaka pilipili, shubiri au mwarobaini kama watu wanavyofanya kwenye ziwa mi siyaungi mkono, pilipili inaishia machoni. Kuikata ncha ndo hatari kabisa, kipande kikimeguka kinamkaba. Na usiichovye kwenye asali wala sukari eti akubali kuachana nayo taratibu, unaharibu meno yale yale unayotaka kuyaokoa. Kamba ya kuivalisha shingoni nayo itoe leo hii. Kama kapita miaka minne na bado hamuwezi, nendeni kwa daktari wa meno amuangalie.

Siku ya kuzitupa zihesabu kwanza, chini ya godoro, kwenye begi, mifuko ya sweta. Sisi tulipata nne tukajua zimeisha. Ya tano ilionekana mwezi wa kumi tunahamisha kochi, na aliyeiona wa kwanza ni yeye. Akaiweka mdomoni, akaitoa, akaniletea. "Mama, ina mchanga."