Ukienda Mosel, anzia mlimani: namna ya kuijua nyumba ya mvinyo ya familia

Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma. Nimekulia kwenye zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, na nimewaona wazazi wangu wakikosa usingizi mwaka ambao mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, ulijaa matangi na mnunuzi hakuonekana. Kwa hiyo nilipohamia Trier, magharibi mwa Ujerumani, na kuona mizabibu imesimama kwenye ukuta wa mlima juu ya mto Mosel, kitu cha kwanza nilichojiuliza ni nani anayepogoa kule juu, na anashukaje.

Sasa ni mwaka wa sita, kila Oktoba nachukua likizo na kwenda kuvuna kwa familia moja jirani na kijiji cha Bremm. Ndugu zetu walioko Ulaya huniuliza wafanyeje ili nao waingie nyumba kama ile, wapokelewe vizuri, waelewe wanachokionja. Nawajibu hapa kwa kirefu. Na kama hunywi pombe, njoo vilevile. Nyumba nyingi hukamua pia juisi ya zabibu, wenyewe wanaiita Traubensaft, na hakuna atakayekushangaa ukiiomba.

Soma chupa kabla ya kukata tiketi

Siku zangu za mwanzo nilinunua dukani chupa yenye picha ya mnara na mizabibu, nikaamini nimepata mvinyo wa nyumba fulani. Baadaye mzee ninayemvunia aliigeuza, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya nyuma. Mvinyo ule ulikuwa umenunuliwa kwa wakulima mbalimbali, ukachanganywa, ukatiwa chupa mbali na pale. Hakuna sheria iliyovunjwa, lakini nyuma ya ule mnara hapakuwa na familia ya kuitembelea.

Tangu hapo natafuta neno Gutsabfüllung. Maana yake zabibu zimelimwa na nyumba hiyohiyo, mvinyo umetengenezwa na kutiwa chupa palepale, na msimamizi wa kazi hiyo ameisomea. Erzeugerabfüllung inakaribia, ila hilo hata chama cha ushirika kinaruhusiwa kuliandika. Ukikuta Abfüller peke yake, huyo ni mtia chupa, na zabibu si lazima ziwe zake.

Halafu soma jina la shamba. Wajerumani huanza na kijiji na kukiongezea "-er", ambayo hapo inafanya kazi ya "ya" yetu. Wehlener Sonnenuhr ni Sonnenuhr ya Wehlen. Ürziger Würzgarten ni Würzgarten ya Ürzig. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Piesporter Goldtröpfchen ni shamba moja mlimani, unaweza kusimama ng'ambo ya mto ukalinyooshea kidole. Piesporter Michelsberg ni jina la eneo pana linalokusanya mashamba ya vijiji kadhaa, yakiwemo ya tambarare. Masikioni majina hayo yanalingana, mezani hayalingani.

Mengine ni mepesi. "Trocken" ni mkavu, yaani usio na utamu, "feinherb" uko katikati. Ukiona kilevi ni asilimia 8 hivi, tegemea utamu. Ukiona 12, tegemea ukavu. Kabinett, Spätlese na Auslese zinaeleza zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani siku ya kuvunwa. Na ile namba ndefu inayoanza na A.P., tarakimu zake mbili za mwisho ni mwaka ambao mvinyo huo ulipimwa na serikali.

Piga simu kwanza

Nyumba hizi si baa. Unaingia kwa watu, na pengine anayekufungulia mlango ametoka kumlaza mtoto au kuosha pipa. Piga simu wiki mbili kabla. Sema jina lako, mko wangapi, na useme wazi kwamba mngependa kuona shamba kabla ya kuonja. Sentensi hiyo moja imenifungulia milango mingi, maana wageni wengi hutaka glasi tu. Waite kwa Herr (Bwana) au Frau (Bibi) na jina la ukoo mpaka wao wenyewe wakuambie vinginevyo. Mkikubaliana saa nne asubuhi, iwe saa nne. Saa nne na robo mama mwenye nyumba ameshachungulia dirishani mara tatu. Mimi hubeba nusu kilo ya kahawa ya Moshi. Si lazima, ila sijawahi kuona imepokelewa vibaya.

Usiende kutembea tu mwishoni mwa Septemba wala Oktoba. Huo ni wakati wa mavuno, na atakayekuhudumia anaibiwa saa za kazi. Mei na Juni ni miezi mizuri.

Nenda kwa treni ili asiwepo dereva wa kunyimwa. Njia ya Koblenz hadi Trier inasimama Cochem, Ediger-Eller, Neef na Bullay, na pale Bullay kuna tawi la kwenda Traben-Trarbach. Kama hukupata miadi, tembea kijijini ukitazama milango. Penye kifungu cha matawi kimening'inizwa, hapo ni Straußwirtschaft: familia imefungua sebule au ua wake na inauza mvinyo wake pamoja na chakula chepesi. Sheria inawaruhusu miezi minne tu kwa mwaka na viti visivyozidi 40, kwa hiyo unakaa kweli nyumbani kwa watu.

Panda, hata kama magoti yanalalamika

Juu ya Bremm kuna mlima unaoitwa Calmont. Mteremko wake unafika digrii 60 na zaidi, ni miongoni mwa mashamba ya mizabibu yenye mwinuko mkali kuliko yote duniani. Trekta haliingii. Kuna kitoroli cha injini kinachopanda kwenye reli moja yenye meno. Kinabeba kreti, na siku ya mavuno kinabeba watu. Kilichobaki ni mikono na miguu.

Inama uokote jiwe. Ni sleti, lile jiwe bapa ambalo zamani watoto wa shule waliandikia. Hapa kwao linaitwa Schiefer. Hapo Bremm lina rangi ya kijivu na buluu, Ürzig ni jekundu. Lishike mchana wa jua, kisha urudi ulishike jioni: bado lina moto. Huku kaskazini joto ni haba, na jiwe hili hulihifadhi mchana na kulirudisha usiku kwa mzabibu. Linazuia pia unyevu wa chini usikauke. Lakini linateleza. Kila mvua kubwa huyasukuma mawe chini, na mzee ninayemvunia, akiwa na miaka 74, bado huyapandisha kwa ndoo yale yaliyomwagika njiani. Aliniambia baba yake alikuwa akiyabeba mgongoni kwa kikapu.

Tazama pia mzabibu wenyewe. Kwetu tunautambaza kwenye nyaya. Hapa mashamba ya zamani yana mti mmoja mmoja, kila mmoja na nguzo yake, na matawi mawili yamekunjwa kulia na kushoto hadi yanafanana na moyo. Hukunjwa majira ya kuchipua siku yenye unyevu, maana siku kavu tawi linakatika mkononi. Mkulima anaweza hivyo kuuzunguka mti pande zote, akapanda au akapita kwa upande, jambo ambalo nyaya zisingemruhusu mlimani. Uliza mizabibu ina umri gani. Mdudu filoksera alipoangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, karibu kila mahali iliokolewa kwa kupandikizwa kwenye mizizi ya Kimarekani. Kwenye sleti ya Mosel mdudu huyo hastawi, ndiyo maana bado utakuta miti mikongwe iliyosimama kwa mizizi yake yenyewe.

Swali la kuuliza: vipande vingapi?

Usiulize "mna ekari ngapi." Uliza mna vipande vingapi, na kila kimoja kimetoka kwa nani. Hapo ndipo mazungumzo yanapokolea.

Wenyeji wangu wana hekta nne, katika vipande zaidi ya 30. Kimoja kina mistari mitano tu, katikati ya mistari ya jirani. Wafaransa walilitawala bonde hili kuanzia 1794 hadi 1814, wakaleta sheria ya kuwagawia watoto wote urithi sawasawa. Mashamba ya kanisa na ya watawa yalitaifishwa, yakauzwa kwa mnada. Ndivyo mababu wa akina Egon Müller, familia ya watengeneza mvinyo, walivyoipata nyumba yao ya Scharzhof mwaka 1797, kule kwenye mto Saar unaoingia Mosel. Kisha kila kizazi kiligawana tena. Pale Wehlen, Jodocus Prüm alijenga mwaka 1842 saa ya jua katikati ya mizabibu ili wafanyakazi wajue muda, na shamba likachukua jina la saa hiyo. Mwaka 1911 mali ya ukoo ikagawanywa kwa warithi, ndiyo maana hadi leo utakuta zaidi ya nyumba moja yenye jina Prüm kwenye chupa.

Mgawanyo huo umewachosha watu, lakini ndio uliozaa ujuzi ninaoupenda zaidi. Mzee wangu anajua kwamba mistari iliyotoka kwa mama yake huiva siku kumi kabla ya ile ya shangazi, kwa sababu pana mwamba nyuma yake. Hajaandika popote. Mwanawe wa kike, ambaye sasa ndiye mtengeneza mvinyo, amejifunza kwa kutembea nyuma yake.

Msione majina makubwa na vyeti mkadhani historia yao ni ya raha tupu. Mwaka 1843 Karl Marx, mzaliwa wa Trier, aliandika gazetini juu ya dhiki ya wakulima wa mizabibu wa Mosel. Mimi wa Hombolo niliposikia habari hiyo niliwakumbuka wazazi wangu na yale matangi.

Chini ya nyumba

Mlangoni mwa ghala la chini tazama ukutani. Kuna mistari yenye miaka: hapo ndipo mto ulipofika. Wa Desemba 1993 kwa wenyeji wangu unapita kichwa changu. Shuka polepole, ngazi zina maji. Ukuta umefunikwa ukungu mweusi laini kama kitambaa. Usiufute, wao huuona ni dalili ya ghala lenye afya. Mapipa ya kienyeji yanaitwa Fuder, kila moja linabeba lita 1,000, na kwa chaki limeandikwa jina la kipande. Ukija Novemba weka sikio: mvinyo unachacha taratibu, mapovu yanapita kwenye kizibo cha maji juu ya pipa, blup, kimya, blup. Hapo nyamaza kidogo na wewe.

Kwenye kuonja sina mengi. Anza na mkavu, malizia na mtamu. Kutema kwenye chombo si utovu wa adabu. Linganisha vipande viwili vya mwaka mmoja, kisha waambie kwa maneno yako mwenyewe. Mimi niliwahi kusema unanikumbusha ukwaju na vumbi la mvua ya kwanza, wakanitaka niwaeleze ukwaju ni nini, tukakaa saa nzima. Nunua angalau chupa tatu. Wamekupa asubuhi yao.

Swali moja tu lizuie. Usiulize siku ya kwanza nani atarithi. Mlimani utaona vipande vilivyoachwa, miiba imefunika kuta za mawe. Wenyewe huviita Driesch. Kila kimoja ni nyumba ambayo watoto waliondoka. Nilipouliza mapema mno, mzee alikitazama kipande cha jirani yake, akavuta kofia, tukaendelea kupanda bila neno. Mwaka uliofuata alinisimulia mwenyewe.

Ukishawazoea, omba kwenda kuvuna. Simama upande wa chini wa mti, uso mlimani, na kreti uiweke mahali isipoweza kuporomoka. Shika kichala kwa kiganja kabla ya kukata. Vaa viatu vya mlimani vyenye kushika, beba soksi za akiba na chakula cha saa nne. Mkasi watakupa wao.