Kabla fundi apasue ukuta uongeze dirisha

Ukitaka kubadilisha madirisha ama kuongeza mlango hapa Nairobi, usianze na bei ya alumini, anza na ukuta: utaguswa ama hautaguswa? Kama unatoa tu yale ya chuma ya zamani na kuweka ya kuslaidi kwa nafasi ile ile, saizi ile ile, hiyo ni ukarabati, ingawa bado pitia ofisi ya mipango ya kaunti uulize, sababu inspekta akiona mawe na mchanga nje ya geti ataingia atake karatasi. Lakini fundi akishaanza kupasua mawe, hapo umebadilisha jengo na lazima uwe na kibali. Sheria ya mipango ya 2019 iko wazi, ukijenga bila kibali ni faini hadi shilingi 500,000 ama jela hadi miezi 2, ama zote mbili. Kwa hivyo tafuta akitekti aliyesajiliwa akuchoree na akuingizie maombi, na wewe tayarisha hati ya ploti na risiti za rates mapema.

Linta, ile boriti inayolala juu ya mlango ama dirisha, ndiyo inaniuma zaidi. Jirani yangu Buruburu alifungua mlango wa pembeni Jumamosi moja, fundi akapasua, akapachika fremu, akalipwa akaenda. Mvua ya Aprili ikija kulikuwa na ufa umetoka kwa kona ya juu ya mlango ukapanda hadi dari, kidole kinaingia, na zile nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta so jirani wa pili pia alipata ufa wake. Fremu haibebi mawe jamani, linta ndiyo inabeba, na lazima ikalie ukuta vizuri pande zote mbili. Mwambie fundi aweke nguzo za kushikilia juu kabla hajatoa hata jiwe moja.

Kama unakaa kwa fleti, ukuta wa nje si wako peke yako, ongea na kamati ya wenye nyumba kwanza, na kama ni ya kukodi basi landlord akupe kwa maandishi. Angalia pia dirisha jipya litatazama wapi, likiingia moja kwa moja kwa bafu ya jirani mtagombana hata ukiwa na kibali.

Na grili tafadhali. Kila chumba cha kulala kiwe na moja inayofunguliwa kutoka ndani, moto ukishika mlangoni hakuna pengine pa kutokea, ufunguo utundikwe mahali mtoto anaufikia gizani lakini mkono wa nje hauufikii.