Jinsi ya kukosoa stori za vyombo vya nje na ukasikilizwa

Haya, stesheni kubwa ya nje imeandika kitu kuhusu nchi yenu na damu imekuchemka. Kabla hujatwiti chochote piga skrinshoti, kichwa cha habari, picha, tarehe, kila kitu, na ukiweza hifadhi link kwa Wayback Machine (tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao), maana hawa watu wakibanwa wanabadilisha kimyakimya halafu wewe ndo unaonekana muongo.

Kisha soma mpaka mwisho. Kichwa mara nyingi kinaandikwa na mhariri aliye mbali sana na huyo ripota uliyemtukana asubuhi yote, so sema wazi shida iko wapi, kwa kichwa, kwa picha ama ndani ya stori yenyewe.

Sasa hapa ndo penye kazi. Julai 2015 Obama anakuja Nairobi, CNN wakaandika anaelekea kwenye kitovu cha ugaidi, Wakenya wakawashukia na #SomeoneTellCNN mpaka Agosti bosi wao mmoja, Tony Maddox, akapanda ndege kuja kumwomba Rais Kenyatta msamaha. Tamu sana hiyo. Lakini Aprili mwaka huohuo watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, kwa hiyo ukija na hoja eti Kenya hakuna ugaidi umeshapoteza kesi mapema. Hoja yenye meno ni hii: Paris nayo ilishambuliwa Januari 2015, je, rais akienda Paris stesheni hiyohiyo inaiitaje? Katafute, weka hizo stori mbili pamoja, acha msomaji ajionee mwenyewe.

Mtihani huo wa kubadilisha nchi unafanya kazi hata kwa picha. Shambulio la hoteli ya DusitD2 Nairobi, Januari 2019, New York Times waliweka picha ya maiti za watu wakiwa bado mezani, watu wakalalamika, wao wakaitetea. Usiishie kusema inauma (inauma kweli), nenda uangalie gazeti hilo linaonyesha nini watu wakiuawa Marekani kwenyewe.

Halafu chukua peni upigie mstari kila anayenukuliwa. Yuko wapi? Alikuwepo? Ukikuta wachambuzi watatu wa London na mwenyeji mmoja tu, tena yeye kazi yake ni kulia, umepata stori yako. Zile za wazi kama ya Charlie D'Agata, ripota wa CBS ya Marekani, Februari 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, aliyesema Kyiv si kama Iraq au Afghanistan, ni mji uliostaarabika kwa kiasi fulani, wa Kiulaya kwa kiasi fulani, hizo hata mtoto anaziona, na mwenyewe aliomba radhi. Nyingi zimejificha kwa kile kisichotajwa.

Angalia pia kama stori ni ya Reuters, AP ama AFP, mashirika yanayouzia vyombo vingine habari, usije ukamlaumu aliyeikopi tu. Waandikie wahariri, wape muda wajibu, jibu lao liweke hata kama linakukera.

Na ujiandae, wanasiasa watakupenda ghafla. Wataishea kazi yako kufunika madudu yao, so kama stori ya nje ilikuwa sahihi kwa jambo fulani, andika hivyo juu kabisa, si kwa aya ya mwisho.

Ukimaliza fungua gazeti lako mwenyewe, ukurasa wa Sudan ama Congo, upige mistari ileile. Mhariri wako naye ana imeili.