Umetuma ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) yenye kosa? Namna ya kuirekebisha bila kishoka

Sifuri moja ndiyo iliyonigharimu miezi mitatu na shilingi 150,000 ambazo sitaziona tena. Mauzo ya duka langu la vifaa vya bomba mwezi wa tatu yalikuwa 18,500,000. Usiku wa tarehe 19 Aprili, umeme ndiyo kwanza umerudi na mtoto analia chumba cha pili, nikaandika 185,000,000, nikatuma, nikalala. Asubuhi mfumo unanidai 30,960,000. Nilipaswa kulipa 990,000.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Asilimia 18 ya mauzo ya kweli ni 3,330,000. Ukitoa kodi niliyolipa kwenye manunuzi, 2,340,000, inabaki hiyo 990,000. Kwa sifuri ya ziada, kodi ya mauzo ikapaa hadi 33,300,000 huku manunuzi yakibaki palepale. Nakupa tarakimu zote kwa sababu utakapofika kwa afisa wa kodi ndicho kitu cha kwanza atakachotaka: ulichoandika, ulichopaswa kuandika, na tofauti yake. Andika mistari hiyo mitatu kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani.

Kabla ya hatua yoyote, ingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi, fungua ritani uliyotuma, ichapishe pamoja na ukurasa unaoonyesha deni. Usiguse kitu kingine. Usitume ritani ya pili juu ya ya kwanza ukidhani mpya itaifuta ya zamani.

Kisha lipa kile usichobishania, na ukilipe kwa wakati. Ritani ya VAT na malipo yake mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, unapewa hadi siku ya kazi inayofuata. Riba haisubiri barua yako isomwe. Omba kontrol namba, yaani namba ya kulipia, ya kiasi cha kweli, na ukikwama mwombe afisa akuelekeze, lakini hiyo 990,000 iingie. Mimi sikuilipa. Nilikuwa na siku nzima ya tarehe 20 mkononi, nikaitumia kumtafuta kishoka, dalali asiye rasmi wa mambo ya ofisini.

Unawajua hawa. Anakaa karibu na meza ya fotokopi, shati limepigwa pasi, bahasha ya kaki kwapani, na yeye humsalimia kwa jina kila afisa anayepita. Maafisa wenyewe hawaitikii, ila hilo nililigundua baadaye. Akaniambia, "Dada yangu, usilipe hata senti, ukilipa umekubali deni. Nipe nenosiri lako nikusawazishie." Nikampa nenosiri na 150,000.

Kusawazisha kwake kulikuwa hivi: ilipofika ritani ya Aprili, akapachika manunuzi hewa ya 166,500,000 ili kodi yake imeze zile 29,970,000 zilizozidi Machi. Kwenye karatasi, miezi miwili ukiijumlisha, deni linapotea. Mimi nikashangilia. Lakini VAT inahesabiwa mwezi kwa mwezi, na manunuzi hayo hayakuwa na risiti hata moja nyuma yake. Kosa la kalamu la Machi lilikuwa limezaa dai la uongo la Aprili, tena kwa jina langu na nenosiri langu. Kama kuna mstari mmoja utakaoubeba kwenye maelezo haya, ubebe huu: kosa la mwezi fulani hurekebishwa kwenye ritani ya mwezi huohuo. Usilifidie mwezi unaofuata, hata kwa nia njema, hata kama mhasibu wa jirani anakuambia wote wanafanya hivyo. Na kama nenosiri lako liko kwa mtu, libadilishe leo.

Sasa ushahidi. Hapa ndipo wiki zangu nyingi zilipoishia.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Umeme ulikuwemo, mtoto alikuwemo, mpaka homa ya mama yangu ilikuwemo. Afisa, kijana mtaratibu, aliisoma mpaka mwisho, akainua macho: "Barua yako nzuri dada. Ushahidi uko wapi?" Nilikuwa nimeambatisha nakala ya TIN, yaani namba ya mlipakodi, na ya cheti cha usajili wa VAT. Vinathibitisha kwamba mimi ni mimi. Havisemi chochote kuhusu mauzo ya Machi.

Kinachosema ni mashine yako ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Kila siku unayofunga hesabu inatoa ripoti ya Z, na hizo Z za mwezi mzima ukizijumlisha ndiyo mauzo yako. Mimi nilikuwa nazo zote 27, nimezihifadhi kwenye kopo la Blue Band pale dirishani dukani. Nilipozimwaga mezani, 11 zilikuwa nyeupe kabisa, kama hazijawahi kuandikwa. Karatasi za mashine zile haziandikwi kwa wino, zinaandikwa kwa joto, na jua la Dar likizipiga wiki tatu maandishi yanaondoka. Nilijaribu kuziinua kwenye mwanga, nikajaribu kuzipiga picha na kuongeza giza kwenye simu. Kwenye moja nilifanikiwa kusoma neno "JUMLA" bila jumla yenyewe.

Kumbe mashine inakumbuka. Ndani yake kuna kumbukumbu isiyofutika, na unaweza kuiamuru ichape muhtasari wa tarehe hadi tarehe: kutoka tarehe 1 hadi 31 Machi, mauzo ya kila siku na kodi yake. Kama hujui vitufe vyake, wakala aliyekuuzia mashine anajua. Wangu alinimalizia kazi nusu saa, baada ya kuahidi "nakuja sasa hivi" kwa siku nne. Karatasi iliyotoka ilikuwa ndefu kama mkono na chini kabisa imeandikwa 18,500,000 pamoja na kodi 3,330,000. Itolee fotokopi siku hiyohiyo, kabla nayo haijaanza kufifia.

Juu yake weka daftari au leja ya mauzo ya mwezi, taarifa ya benki na ya simu kama wateja wanalipa huko, na risiti za manunuzi ulizodai. Hizo za manunuzi usizibanie. Ulizojaza vizuri nazo zitaangaliwa, maana ukifungua ritani moja kwa ajili ya kosa moja umeifungua yote. Kama una manunuzi uliyodai kwa risiti isiyo na jina lako wala TIN yako, jiandae kuulizwa.

Barua iwe fupi. Mwandikie Kamishna Mkuu wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kupitia kwa meneja wa mkoa wako wa kodi, yaani ule ulikosajiliwa TIN, siyo ulio karibu na kituo chako cha daladala. Dar ina mikoa ya kodi kadhaa, na ukienda usikosajiliwa utapanga foleni vizuri kabisa ili uambiwe uende kwingine. Yangu ya pili ilikuwa hivi:

"YAH: MAOMBI YA KUREKEBISHA RITANI YA VAT YA MWEZI MACHI. Katika ritani niliyowasilisha tarehe 19 Aprili, mauzo yanayotozwa kodi yalijazwa 185,000,000 badala ya 18,500,000 kwa kosa la uandishi. Kodi sahihi ya kulipwa ni 990,000, siyo 30,960,000. Naambatisha muhtasari wa mashine ya EFD wa tarehe 1 hadi 31 Machi, leja ya mauzo, taarifa ya benki na risiti za manunuzi. Naomba ritani irekebishwe na deni lililozidi liondolewe."

Halafu TIN, namba ya VAT, simu, sahihi, mhuri wa duka. Kwa Aprili niliandika barua nyingine, ngumu zaidi kuandika, nikikiri kwamba manunuzi yale hayapo. Kila mwezi na barua yake. Kama kosa lako ni la kupunguza kodi, nenda mwenyewe kabla hawajakuita. Kuomba kurekebisha na kukutwa kwenye ukaguzi ni mambo mawili yenye bei tofauti.

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila mhuri huo. Fika saa mbili kasoro na namba yako ya foleni itakuwa ya kibinadamu. Fika saa nne na utajua historia ya ndoa ya kila aliyekaa mbele yako. Kisha fuatilia kila wiki, mtu yuleyule, nakala yenye mhuri mkononi. Dukani kwangu walikuja maafisa wawili, wakaangalia stoo, wakahesabu koki na viungo vya inchi nusu, wakauliza kwa duka la ukubwa huu 185,000,000 ya mwezi ningeiuza nikisimama wapi. Hilo lilikuwa swali la kunisaidia, ingawa siku ile sikulielewa.

Wakikubali, mambo hayajaisha. Ingia kwenye akaunti uone ritani imebadilika kweli na deni limeondoka kwenye mfumo, siyo kwa maneno tu. Kodi yangu ilishuka hadi 990,000, lakini riba ya kuchelewa kulipa hiyo 990,000 ilibaki, na ilikuwa halali yangu. Riba au adhabu unayoona haikustahili, iombee msamaha kwa barua yake peke yake, ukieleza sababu.

Wakikukatalia kwa maandishi, angalia tarehe uliyopokea. Pingamizi linapelekwa kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30. Ukipinga kiasi cha kodi, unatakiwa kwanza ulipe ile sehemu usiyobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ipi ni kubwa, isipokuwa ukiomba na kukubaliwa kupunguziwa. Theluthi ya 30,960,000 ni 10,320,000, kwa hiyo utaelewa kwa nini niliipenda sana ile karatasi ya mashine. Baada ya hapo kuna Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani. Ukifika huko tafuta mshauri wa kodi aliyesajiliwa, mwenye ofisi yenye mlango.

Mimi sikufika huko. Deni lilitoka katikati ya Julai, na wiki hiyohiyo nikaomba hati ya kutodaiwa kodi, ambayo ndiyo iliyokuwa inanikosesha usingizi: mkandarasi mmoja aliitaka ili anipe oda ya mabomba ya jengo zima. Nilimpigia nikiwa bado nimesimama kwenye ngazi za ofisi. Alinipongeza sana. Mabomba alishanunua Kariakoo.