Namna ya Kuchapisha Kitabu Chenye Madai Mazito Ukiwa Mtwara au Lindi

Mchapishaji akipokea mswada unaowagusa wakubwa, tuseme wa mkulima wa Newala au Ruangwa anayesimulia jinsi malipo ya korosho yalivyopotelea katika chama cha msingi cha ushirika, asikimbilie kutafuta mchapaji, kwani kitabu cha namna hiyo hutetewa kwenye meza ya mhariri kabla hakijafika mahakamani.

Chukua kalamu nyekundu, piga mstari chini ya kila sentensi inayomtuhumu mtu, kisha andika pambizoni namba ya karatasi inayoithibitisha: stakabadhi ya ghala, muhtasari wa mkutano mkuu au taarifa ya benki. Sentensi isiyo na namba irudi kwa mwandishi. "Viongozi walikula fedha zetu" ni shutuma itakayomfurahisha wakili wa upande wa pili. "Stakabadhi yangu inaonyesha magunia sita, nami nimelipwa manne" ni habari, tena inauma zaidi. Baada ya hapo waandikie wote wanaotajwa, wapewe muda wa kutosha kujibu, barua isainiwe kwenye dispachi, yaani daftari la kupokelea barua, na majibu yao yaingizwe kitabuni hata kama mwandishi atanuna.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, lakini ibara ya 30 inaruhusu sheria za kulinda sifa na haki za wengine, na kesi nyingi za kashfa huzaliwa katikati ya hizo mbili. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, vikiwemo vya kashfa na uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Uamuzi huo unatia moyo, ila usiufanye kinga. Mpe wakili mswada mzima ausome, si kurasa unazozihofia wewe tu.

Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Hakimiliki haisubiri usajili, ingawa cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, husaidia ukiibiwa kazi.

Suala la fedha linahitaji uangalifu zaidi. Walter Bgoya aliiongoza Tanzania Publishing House, kampuni ya umma, kuanzia mwaka 1972, kisha mwaka 1991 akaanzisha Mkuki na Nyota, nyumba inayojitegemea. Anayeitaka kazi hii aitazame njia hiyo kwa makini. Usipokee ufadhili wa mtu au ofisi inayotajwa kitabuni, hata ukipewa kwa jina la kununua nakala mapema, na mkataba useme wazi nani atalipa gharama za wakili na mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, utahesabiwaje.

Kitabu kikishatoka, lifungie jalada la ushahidi kabatini, nakala yake ikae kwa wakili, na lisiguswe kwa angalau miaka 3, kwa kuwa huo ndio muda wa kufungua madai ya kashfa.